Kahawa, bitiruti, tangawizi au kopo la kupunguza tumbo: mkimbiaji wa Kigoma achukue kipi?

Ukitaka kujua wana-jogging wamekunywa nini asubuhi, usiwaulize. Subiri kilima cha kutoka stesheni kwenda Mwanga. Aliyepitia kwa mzee wa kahawa anapanda huku anaongoza chenja, nyimbo za mchakamchaka. Aliyekunywa juisi nyekundu anapanda kimya, lakini hasimami. Na yule wa kopo la chai ya kupunguza tumbo ameshabisha hodi kwenye nyumba ya watu kuomba choo.

Mimi nimewahi kuwa wote watatu. Ndiyo maana kila wiki hakosekani mtu wa kunivuta pembeni: "Kaka, katika hizi dawa za asili, nichukue ipi?" Jibu langu huwa refu kuliko pumzi tulizobakiza, kwa hiyo naliandika hapa.

Shida ya kwanza ni kwamba tunauliza maswali matatu kwa mpigo. Kuna la kuunguza mafuta, yaani kuharakisha umetaboli, ile kazi ya mwili kugeuza chakula kuwa nguvu na joto. Kuna la pumzi: ukimbie mbali zaidi kabla ya kuchoka. Kuna la maumivu ya Jumapili, pale unapoteremka ngazi kwa mgongo. Kinachosaidia moja mara nyingi hakina habari na lingine. Muuzaji yeye anayauza yote matatu katika kopo moja.

Hesabu ya chapati

Tuanze na mafuta, kwa kuwa ndiyo yanayotoa watu hela. Anayekimbia hutumia takriban kalori moja kwa kila kilo ya uzito wake katika kila kilomita. Mtu wa kilo 70 akitoka stesheni, apande Mwanga, afike Ujiji, kilomita 8 hivi, ametumia kama kalori 560. Hizo ni chapati mbili za mafuta.

Sasa weka pembeni yake vinavyosifiwa. Miligramu 100 za kafeini huongeza kasi ya mwili uliopumzika kwa asilimia 3 hadi 4, kwa muda wa saa mbili na nusu. Mwili uliokaa tu hutumia kama kalori moja kwa dakika. Piga hesabu: dakika 150, asilimia 4, umepata kalori 6. Kashata unayotafunia kahawa hiyo imezirudisha mara kumi.

Chai ya kijani ina rekodi nzuri kidogo. Katika jaribio la mwaka 1999 lililofanywa kwa wanaume 10 vijana, dondoo la chai hiyo, yaani kemikali zake zilizokamuliwa na kukolezwa, liliongeza nguvu inayotumika kwa saa 24 kwa asilimia 4. Kwa anayetumia kalori 2,000 kwa siku, hizo ni kalori 80, haifiki nusu chapati. Watafiti wa Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopitia tafiti za tiba, walipokusanya majaribio mengi mwaka 2012 waliona uzito uliopungua ni mdogo mno kuwa na maana kwa afya ya mtu. Kuna lile tunda lingine linalouzwa sana mitandaoni, Garcinia cambogia. Hilo lilipimwa mwaka 1998 kwa watu 135 kwa wiki 12. Waliomeza Garcinia walipungua wastani wa kilo 3.2, waliomeza vidonge vitupu visivyo na kitu walipungua kilo 4.1. Pilipili nayo imo kundi hili: inakutoa jasho mbele ya mgebuka wa kuchoma, ila jasho si mafuta.

Kwa swali la tumbo, basi, hakuna mshindi wa kutangaza. Ulinganisho wenye maana uko kwenye pumzi na maumivu.

Kahawa na chai ya kijani

Mzee wetu wa kahawa anakuja na birika lake la shaba juu ya jiko la mkaa, vikombe vya udongo mweupe vikigongana ndani ya ndoo ndogo ya maji. Kikombe ni shilingi 100. Kahawa ya Arabika inalimwa humu humu mkoani, kwenye milima ya kuelekea mpaka wa Burundi, na yeye huikaanga mpaka iwe nyeusi kama gurudumu. Anamimina bila kumwaga tone, anasema "Mwakeye," salamu ya Kiha, na kabla hujajibu ameshageukia mwingine.

Kinachofanya kazi ndani yake kinaeleweka vizuri. Tangu unapoamka, ubongo hukusanya kemikali iitwayo adenosini, na kadiri inavyojaa ndivyo unavyohisi uchovu. Kafeini hukalia kiti cha adenosini. Misuli yako ni ile ile ya jana, ila taarifa ya kuchoka haifiki kichwani kwa sauti kubwa. Ndiyo sababu kahawa inasaidia mbio ndefu, baiskeli, hata mpira wa dakika 90, na imepimwa kuliko karibu mmea mwingine wowote unaotumiwa na wanamichezo. Kipimo kinachotajwa ni miligramu 3 hadi 6 kwa kila kilo ya uzito, saa moja kabla ya kuanza. Mtu wa kilo 70 anaanzia miligramu 210. Kikombe kikubwa cha kahawa nyeusi, karibu robo lita, huwa na kama miligramu 95. Vile vya mzee wetu ni vidogo lakini vikali; mimi vinne vinanitosha, na mwenye mwili mdogo aanze na viwili.

Sikujua hivyo siku ya bonanza letu. Nilikunywa vinane, tumbo tupu, nusu saa kabla ya mechi. Mikono ilitetemeka nikashindwa kufunga kamba za viatu, na dakika ya kumi niliomba kutoka, si kwa jeraha. Kahawa huamsha utumbo pia, jambo ambalo hakuna mtu aliyeniambia.

Chai ya kijani inatoka kwenye mmea ule ule wa chai yetu ya rangi. Tofauti ni namna majani yanavyoshughulikiwa baada ya kuchumwa. Ina kafeini kidogo kuliko kahawa, pamoja na katekini, kemikali zinazobebeshwa sifa zote za kuunguza mafuta. Kuinywa kikombe kimoja au viwili kwa siku ni sawa na kunywa chai. Hatari iko kwenye dondoo lililokaushwa na kujazwa kwenye vidonge. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya ilitoa tathmini mwaka 2018: miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini iitwayo EGCG zimehusishwa na dalili za ini kuumia. Hutafika huko kirahisi kwa kunywa vikombe. Kwa vidonge unafika kabla ya chakula cha mchana.

Kwa mkimbiaji, kahawa inashinda kwa mbali, kwa bei na kwa ushahidi. Chai, iwe ya kijani au ya rangi, ni ya yule ambaye kahawa inamchoma kifuani. Ila kafeini hukaa: baada ya saa 5 hivi nusu yake bado imo mwilini, kwa hiyo anayefanya mazoezi saa kumi jioni na kunywa vikombe vinne, saa tatu usiku bado anavyo viwili. Usingizi ukiharibika, faida yote imekwenda. Mjamzito asivuke miligramu 200 kwa siku, na mwenye presha au moyo unaoruka-ruka amuulize daktari kabla ya kujifanya kocha wa mwili wake. Wanaocheza ligi wasiwe na wasiwasi: kafeini iliondolewa kwenye orodha ya dawa zilizokatazwa michezoni mwaka 2004.

Bitiruti na tangawizi

Hapa watu hubishana bure, kwa sababu hivi viwili havifanyi kazi moja.

Bitiruti ni ya pumzi. Ina naitreti nyingi. Ukiinywa, naitreti inazunguka, inarudi mdomoni kupitia mate, na bakteria wa kwenye ulimi wanaigeuza kuwa naitraiti. Mwilini inakuwa naitriki oksaidi, gesi inayotanua mishipa ya damu. Matokeo yake ni kwamba misuli hufanya kazi ile ile kwa oksijeni pungufu. Katika jaribio la mwaka 2009, wanaume wanane walikunywa nusu lita ya juisi kwa siku kwa siku 6, na muda waliomudu mazoezi makali kabla ya kushindwa uliongezeka kwa asilimia 16. Wanane ni wachache, lakini majaribio yaliyofuata yameonyesha mwelekeo huo huo, hasa kwa watu wa kawaida kama sisi. Wakimbiaji wa kimataifa waliokwisha kuiva hufaidika kidogo au hawafaidiki.

Kuna mambo mawili ya kushangaza. Ukisukutua kwa dawa ya kuua vijidudu vya mdomoni, umewaua wale bakteria na juisi yako imekuwa rangi tu. Na kesho yake chooni unaweza kuona wekundu. Usikimbilie hospitali, ni bitiruti inapita. Inywe saa mbili hadi tatu kabla ya kukimbia, si dakika kumi kabla. Mwenye historia ya mawe ya figo aikwepe, maana ina oksaleti, kemikali inayochangia mawe hayo.

Tatizo la hapa kwetu ni upatikanaji. Sokoni Mwanga kuna siku bitiruti zimejaa, na kuna wiki nzima huoni hata moja. Siku hizo mimi nala mchicha mwingi. Nao una naitreti, mradi usiuchemshe na kumwaga maji, kwa sababu huko ndiko naitreti inakokwenda.

Tangawizi haiongezi pumzi. Anayekuambia imemfanya akimbie haraka ameipenda tu ladha yake. Kazi yake iliyopimwa ni maumivu ya misuli: gramu 2 kwa siku kwa siku 11 zilipunguza maumivu ya baada ya mazoezi makali kwa karibu asilimia 25, mbichi au iliyopitishwa motoni, karibu sawa. Neno la kushikilia hapo ni siku 11. Kikombe kimoja cha tangawizi Jumamosi mchana hakikuokoi na ngazi za Jumapili. Gramu 2 ni kama kijiko kidogo kimoja cha unga mkavu. Kwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, aulize kwanza. Kwa mwenye kiungulia, atajua mwenyewe.

Bei nayo inasema. Tangawizi inashuka kutoka Buhigwe na ya shilingi 500 inakufikisha wiki. Glasi ya juisi ya bitiruti pekee, bila kuchanganywa na nanasi hadi ikawa sharubati, utalipia zaidi ya hiyo kwa siku moja.

Kopo

Kuna dada kwenye jogging yetu anauza dagaa Kibirizi. Ana kifua cha kubeba mbio, lakini alikuwa na haraka ya tumbo. Alinunua kopo la chai ya mitishamba kwa shilingi 35,000 kutoka kwa mtu aliyemfuata hadi mwaloni. Baada ya siku 6 alipanda kwenye mzani wa duka la dawa: kilo 3 zimetoka. Alitupigia simu wote.

Jumamosi iliyofuata, tulipokaribia Ujiji, ndama za miguu zikamkaza akakaa chini barabarani. Uso umekauka, midomo mieupe. Tulimpa maji yenye chumvi na sukari, na ndizi mbili, tukamrudisha kwa bajaji. Jioni nilienda kumwangalia, nikaomba kopo. Nyuma, kwa herufi za kuhitaji tochi ya simu, kulikuwa na majina ya Kilatini, na la tatu lilikuwa Cassia angustifolia.

"Shangazi, hii ni nini?" nilimuuliza bibi mmoja wa Ujiji, nikimwonyesha majani.

Aliyanusa. "Sanamaki. Nani hapati choo?"

Basi ndiyo hiyo. Sanamaki ni dawa ya kulegeza choo, na ni dawa nzuri kwa anayeihitaji kwa siku mbili tatu. Inafanya kazi kwenye utumbo mpana. Chakula kinapofika huko, kalori karibu zote zimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba, kwa hiyo kinachotoka ni maji na madini, hasa potasiamu, ile ile inayohitajika misuli isikaze. Zile kilo 3 zilikuwa maji. Alipoacha chai, kilo mbili na nusu zilirudi kabla ya Jumatano. Alipompigia muuzaji kudai hela, alijibiwa kuwa mwili wake "unasafishwa".

Na hilo ni kopo la afadhali, lililoandikwa kilichomo. Kuna makopo ambayo yanafanya kazi kweli, na hayo ndiyo ya kuogopa zaidi. Mara nyingi dawa za "asili" za kupunguza uzito zimepimwa katika nchi mbalimbali na kukutwa zimechanganywa sibutramini, dawa ya hospitali ya kukata hamu ya kula, iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa kuwa ilizidisha mshtuko wa moyo na kiharusi. Ukimeza kitu cha majani ukakosa kabisa njaa, mdomo ukakauka, usingizi ukaruka na moyo ukadunda umekaa, shaka yangu haiko kwenye majani. Mwenye kucheza mashindano ajue pia kwamba sibutramini imekatazwa, na kujitetea kuwa hukujua kilichomo hakukusafishi.

Hata mmea halisi unaweza kuua. Mwaka 2003 Steve Bechler, mchezaji wa besiboli wa Baltimore Orioles mwenye umri wa miaka 23, alianguka mazoezini Florida kwa joto la mwili lililopanda kupita kiasi, akafariki. Alikuwa akitumia kirutubisho chenye efedra, mmea wa kale wa tiba ya Kichina, na uchunguzi ulikitaja kuwa kilichangia. Mwaka uliofuata Marekani ilipiga marufuku virutubisho vya efedra. Efedra inaharakisha umetaboli, hilo ni kweli. Inaharakisha na moyo, inapandisha na joto, na sisi tunakimbia kando ya ziwa ambako saa tatu asubuhi shati limeshalowa.

Mtaniuliza mbona sijaliweka vumbi la Kongo, ule unga unaouzwa kwa nguvu za kiume, kwenye mizani, na sisi tunatazamana na Kongo ng'ambo ya maji. Nimejaribu. Vifuko viwili vya muuzaji mmoja havikufanana hata rangi, na siwezi kulinganisha kitu kisichofanana na chenyewe. Mirungi sijadili, hiyo ni polisi.

Dawa ya asili inayouzwa kihalali husajiliwa na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2002. Omba namba ya usajili. Muuzaji akikujibu kwa ushuhuda wa mama mdogo wake aliyepona, umeshajibiwa.

Mlonge na ashwagandha, kwa kifupi

Vijana wa gym ndio wanaouliza hivi. Unga wa majani ya mlonge ni chakula kizuri: karibu robo yake ni protini. Lakini unakula kijiko, si sahani. Gramu 10 za unga zinakupa protini gramu 2.5 hivi, gramu 10 za dagaa wakavu wa hapa hapa zinakupa kama 6, na dagaa huwali kwa gramu 10. Kwa misuli, dagaa. Mlonge ubaki kwenye uji, na anayetumia dawa za kisukari aangalie, kwa kuwa unaweza kushusha sukari zaidi. Mizizi yake usiguse.

Ashwagandha, mzizi wa tiba ya Kihindi unaoagizwa mtandaoni, ina jaribio la mwaka 2015 linalopendwa sana na wauzaji: vijana 57, wiki 8, na waliopewa mzizi huo waliongeza kilo 46 kwenye kusukuma chuma kwa kifua dhidi ya 26 za wenzao. Idadi ni ndogo, na ongezeko lenyewe ni kubwa mno kwa jicho la mtu aliyewahi kushika chuma. Upande wa pili kuna taarifa za watu walioumia ini, na Denmaki iliipiga marufuku mwaka 2023. Mwenye matatizo ya tezi ya shingo na mjamzito wakae mbali. Hela hiyo mimi nisingeitoa.

Ukiniuliza leo

Unataka kupanda kilima bila kusimama, una afya na unalala vizuri: kahawa, saa moja kabla, pamoja na kitu tumboni, walau kipande cha muhogo. Una mashindano yenye tarehe na bitiruti ipo sokoni: juisi kwa siku tano sita za mwisho, na siku yenyewe saa mbili kabla. Unaweza kuchanganya na kahawa, ila jaribu kwanza siku ya mazoezi ya kawaida, karibu na nyumbani, kwa sababu nilizokwisha kuzieleza. Unaanza mazoezi baada ya muda mrefu na unajua wiki ya pili itakuvunja: tangawizi kila siku kuanzia sasa. Una presha, kisukari, figo au mimba: usianze hata kimoja kabla ya kuuliza kliniki unakotibiwa, na uende na kopo lenyewe mkononi, si jina lake tu.

Yule dada wa Kibirizi bado yumo. Jumamosi iliyopita alipanda Mwanga kwa vikombe viwili vya mzee, akatuacha mimi na wenzangu wawili. Amepungua kilo 2 tangu Pasaka, na anasema hakuzihisi zikitoka. Mzani wa duka la dawa ndio uliomwambia. Kopo lile anawekea chumvi.